Zamu yenye kinga: mstari mmoja wa "kama" unaoharibu timu

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, nalo litakuja. Ila leo nina jambo limenikaa kooni tangu wiki jana, na kama kawaida yangu ni heri nilitoe hapa kuliko kumchosha mama watoto nalo.

Mnaonifahamu mnajua nina ugonjwa wa mpira wa kikapu. Hapa Kiogoro mechi za NBA huanza saa tisa au saa kumi usiku, wakati mvua ya Kisii imeshika mabati na jirani wote wamelala. Mimi huwa macho, simu mkononi, chai kwenye chupa. Nikiulizwa asubuhi mbona macho mekundu, najibu nilikuwa kazini. Ni nusu ya ukweli, maana mambo mengi niliyojifunza kuhusu kuandika programu nimeyathibitisha kwa kutazama jinsi timu za Marekani zinavyojifunga zenyewe kamba. Leo nataka kuzungumzia kamba moja tu: zamu ya kuchagua iliyouzwa ikiwa na kinga.

Kwa msomaji ambaye si wa kikapu, nianze na ng'ombe.

Ndama wa mzee jirani

Mzee mmoja jirani yetu aliwahi kununua mashine ya kukata nyasi kutoka kwa mwenzake. Pesa zilikuwa hazitoshi, wakakubaliana hivi: "Ng'ombe wangu ana mimba. Akizaa dume, ndama ni wako, deni limekwisha. Akizaa jike, nabaki naye, wewe unasubiri uzao wa mwaka ujao." Mwenzake akakubali. Kila mfugaji wa huku anaelewa mantiki yake: jike ni maziwa ya miaka mingi, dume ni nyama ya siku moja. Mzee aliuza alichoweza kuuza, akakinga asichotaka kukipoteza.

Hiyo ndiyo zamu yenye kinga. Kila mwaka NBA huwa na drafti, yaani timu 30 huchagua wachezaji vijana kwa zamu, na timu dhaifu huchagua kwanza. Ni kama chama cha kuzungushiana, ila pesa ya kwanza humwendea aliye na shida zaidi. Katika mfumo ulioanza 2019, timu 14 ambazo hazikuingia mchujo ziliwekwa kwenye bahati nasibu, na nafasi 4 za mwanzo ndizo zilizopatikana kwa kuchezesha. Zilizobaki zilipangwa kwa rekodi ya msimu, aliyeshindwa zaidi mbele.

Zamu hizo huuzwa, hata za miaka ijayo. Timu inayotaka mchezaji leo inasema: "Chukua zamu yetu ya raundi ya kwanza ya mwaka fulani, ila ikiangukia kati ya namba 1 na 10 tunabaki nayo, utapata ya mwaka unaofuata." Namba 1 hadi 10 ndiyo ndama jike, kuanzia 11 kwenda chini ni dume. Ni rahisi, sivyo?

Basi sikilizeni kilichotokea kwa mzee. Ng'ombe aliharibu mimba, ikabidi apandishwe upya. Mzee akaenda kwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, akaulizwa anataka mbegu ya kawaida au ile iliyochaguliwa jinsia, ambayo karibu mara 9 katika 10 huleta jike. Ni ghali zaidi. Mnafikiri mzee alichagua ipi?

Mwenye mashine alipopata habari alikasirika, wakaitana kwa wazee. Lakini mzee alijibu neno moja ambalo mpaka leo sijui la kulijibu: "Mkataba ulisema akizaa jike nabaki naye. Haukusema nisitamani jike."

Mstari wa "kama"

Sasa turudi kwenye lugha yetu sisi watu wa kompyuta. Ukiandika mkataba wa zamu yenye kinga kama programu, unapata hivi:

kama namba <= 10: baki nayo
la sivyo: toa

Ni mistari miwili tu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaiandika akiwa amefumba macho. Lakini tazameni kilichofichwa ndani yake. Tofauti ya mchezaji wa namba 10 na wa namba 11 ni ndogo mno, mara nyingi hata wataalamu hawakubaliani nani ni bora. Lakini kwa mkataba huu tofauti ya 10 na 11 ni kila kitu: huku una mchezaji, huku huna kitu. Tumechukua mlima wenye mteremko wa taratibu tukauchonga ukawa genge. Na popote palipo na genge, watu watasogea kusimama upande unaowafaa. Si kwa sababu ni watu wabaya, ni kwa sababu tumewajengea genge.

Nina ushahidi wa nyumbani. Miaka ya nyuma niliandikia kikundi kimoja cha maziwa programu ya malipo. Walitaka mfugaji akileta lita 10 au zaidi kwa siku alipwe shilingi 3 zaidi kwa kila lita. Nikaandika mstari wangu wa "kama", nikapokea pesa yangu, nikaenda zangu. Baada ya miezi miwili katibu akanipigia: ghafla wafugaji wa lita 4 wamepungua na wa lita 12 wameongezeka, na ng'ombe ni wale wale! Majirani walikuwa wanachanga maziwa chini ya jina moja. Kisha mwisho wa mwezi wanagombana kugawana, na mama mmoja mjane ambaye hakuwa na wa kuchanga naye akabaki peke yake kwenye bei ya chini. Nilitafuta mdudu kwenye msimbo siku nzima. Hakukuwa na mdudu. Programu ilifanya hasa nilichoiambia, kosa lilikuwa langu kwa kuweka genge mahali palipohitaji mteremko. Tulibadilisha malipo yapande kidogo kidogo kwa kila lita, na mchezo ukaisha wenyewe. Yule mama ndiye ninayemkumbuka kila nikiona habari za kinga. Genge huwa lina mtu linayemwangukia.

Dallas, Aprili 2023

Sasa mfano wa wakubwa. Januari 2019 Dallas Mavericks walimpata Kristaps Porziņģis kutoka New York Knicks, na katika malipo walitoa zamu ya raundi ya kwanza ya 2023 yenye kinga ya namba 1 hadi 10. Ikiwa haitatoka 2023, deni linahamia 2024, kisha 2025.

Ikafika Aprili 2023. Porziņģis mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani, lakini deni lake liko pale pale. Dallas walikuwa na Luka Dončić na Kyrie Irving, na hesabu bado iliwaruhusu kuingia mechi za kuwania mchujo. Tarehe 7 Aprili walicheza na Chicago Bulls nyumbani. Wakawapumzisha wachezaji kadhaa muhimu, Irving akiwemo, na Dončić alicheza kidogo tu kisha akatolewa. Wakafungwa, msimu ukaisha. NBA iliwatoza faini ya dola 750,000.

Watu walisema Dallas hawana aibu. Mimi nilikaa nikaandika programu ndogo ya kuchezesha bahati nasibu ile mara laki moja, nione wao waliona nini. Matokeo yakalingana na viwango vinavyojulikana vya ligi. Timu iliyo ya 10 kutoka mwisho ina uwezekano wa asilimia 79.8 wa kubaki ndani ya 10 bora. Timu iliyo ya 11 kutoka mwisho ina asilimia 9.4 tu, maana inaokolewa pale inaporuka hadi nafasi 4 za mwanzo. Kutoka karibu 80 hadi chini ya 10, kwa hatua moja! Hilo ndilo genge la Dallas. Dola 750,000 ni nyingi kwa mimi na wewe, ila kwa upande wao ilikuwa bei nafuu ya mbegu ya jike.

Na ikalipa. Zamu ikabaki namba 10, wakaibadilisha na Oklahoma City Thunder wakapata namba 12, wakamchagua Dereck Lively II, na mwaka 2024 Dallas wakafika fainali. Knicks wakapewa zamu ya 2024, ambayo kwa sababu Dallas walikuwa wazuri iliangukia namba 24. Walisubiri miaka mitano kupata namba 24.

Kuna atakayeniambia: si umeona, kinga inasaidia kujenga! Hapana ndugu yangu, tulia. Waulize waliokata tiketi tarehe 7 Aprili, wakakaa na watoto wao kutazama timu yao ikiacha msimu ufe kwa sababu ya mkataba uliosainiwa miaka minne nyuma kwa ajili ya mchezaji aliyeshaondoka. Hao ndio yule mama wa lita 4. Halafu Dallas hawakuwa timu inayojenga upya. Walikuwa na Dončić. Mjenzi wa kweli yuko kwenye hali mbaya zaidi, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Deni lililohama mji

Kuna timu moja ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuikumbuka. Ni Grizzlies.

Mwaka 1997, wakiwa bado Vancouver kule Kanada, walimchukua mzee wa kazi Otis Thorpe kutoka Detroit Pistons. Walikuwa timu changa, dhaifu, wanataka kuonekana. Wakatoa zamu ya baadaye ya raundi ya kwanza yenye kinga iliyokuwa ikipungua kadiri miaka inavyokwenda. Thorpe hakumaliza hata msimu mmoja Vancouver. Deni likabaki. Mwaka 2001 timu yenyewe ikahamia Memphis, jiji jingine, nchi nyingine, na deni likapanda gari pamoja na viti na mipira.

Ikafika 2003. Sasa kinga ilikuwa imebaki namba 1 peke yake. Ikiwa namba 1, wanabaki nayo. Ikiwa namba nyingine yoyote, inakwenda Detroit. Na 2003 ndio mwaka wa LeBron James. Bahasha zikafunguliwa, zikabaki timu mbili: Cleveland na Memphis. Mtu angefikiri Memphis wanashangilia, kwani hata namba 2 mwaka ule ilikuwa hazina: Carmelo Anthony alichukuliwa namba 3, Chris Bosh namba 4, Dwyane Wade namba 5. Lakini Memphis walipata namba 2, yaani hawakupata kitu. Detroit ambao tayari walikuwa timu kubwa wakaichukua, wakamchagua Darko Miličić, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa huku Darko akikaa benchi.

Msimamizi aliyekuwa Memphis siku ile ni Jerry West, na si yeye aliyesaini mwaka 1997. Ndugu zangu mnaoandika programu, mmewahi kurithi msimbo wa mtu aliyeacha kazi, wenye maneno "tutarekebisha baadaye"? Baadaye ni wewe! Hiyo ndiyo hatari ya pili ya kinga: inamfanya anayesaini aone kama hajatoa kitu. "Si imekingwa?" Kwa hiyo anasaini kwa wepesi, na bili inamkuta mwingine.

Hasheem wetu

Miaka sita baadaye, Juni 2009, Memphis hao hao wakapata namba 2 tena, safari hii ni yao kabisa. Walikuwa wameshinda mechi 24 na kupoteza 58. Wakamchagua kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Sijasahau shangwe ile. Hata sisi wa Kisii tulijiona tumechaguliwa.

Mnajua yaliyofuata. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Hasheem hakupata dakika, akapelekwa ligi ndogo katika msimu wake wa kwanza. Sisemi haya kumdharau, maana yeye hakujichagua, na mtu mrefu aliyeanza mpira akiwa kijana mkubwa alihitaji muda ambao hakupewa. Nasema ili tukumbuke kwamba hata ukishindwa mechi 58 na kupata namba 2, umepata tiketi ya bahati nasibu, hujapata mchezaji. Kwa hiyo anayeharibu msimu mzima kulinda zamu yake analinda tiketi.

Lakini sehemu inayonivutia zaidi ni Februari 2011. Memphis walimuuza Hasheem kwa Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll, na juu yao wakaongeza nini? Zamu ya raundi ya kwanza yenye kinga! Timu ile ile iliyoumwa na nyoka mwaka 2003. Wao wakampata Shane Battier. Na safari hii mambo yakaenda vizuri ajabu: miezi miwili baadaye Memphis, walioingia mchujo wakiwa wa 8, waliwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, ushindi wao wa kwanza wa raundi katika historia ya timu. Ile zamu ikazunguka kwa wengine, na ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa namba 26. Hakuna aliyelia.

Kwa nini 1997 iliwaua na 2011 iliwainua? Chombo ni kile kile. Tofauti ni kwamba mwaka 2011 timu ilikuwa inapanda. Kinga kwao ilikuwa kama bima ya gari ambalo dereva wake hana nia ya kugonga. Hawakuwa karibu na genge, hivyo hawakuwa na haja ya kulitazama. Mwaka 1997 timu ilikuwa chini, na aliye chini akiuza zamu yake, kinga inageuka kuwa kitu anachokitazama kila siku.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nauandika wazi ili mnipinge vizuri: zamu yenye kinga ni chombo cha timu inayopanda. Timu inayojenga upya isiuze kabisa zamu zake, hata kwa kinga. Kinga haikulindi dhidi ya kushindwa, inakulipa ushindwe.

Kinga hufunga na milango mingine

Kuna kanuni inayoitwa ya Stepien, kwa jina la Ted Stepien aliyekuwa mmiliki wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugawa zamu kama karanga. Kanuni inasema timu isijiache bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo. Sasa fikiria una deni lenye kinga linaloweza kutoka 2023, au 2024, au 2025. Hujui litatoka lini. Kwa hiyo miaka yote hiyo, na ile ya pembeni, imefungwa. Umeuza zamu moja, umefunga minne. Dallas walipomchukua Irving Februari 2023, zamu ya raundi ya kwanza waliyotoa ilikuwa ya 2029! Sisi huku tunaita hivi: faili moja imefunguliwa na mtumiaji aliyelala, na ofisi nzima haiwezi kuhifadhi kazi.

Kinyume chake tazameni Oklahoma City. Julai 2019 walimtoa Paul George kwenda Los Angeles Clippers, wakapokea Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na zamu tano za raundi ya kwanza, nyingi zikiwa hazina kinga yoyote. Mojawapo ilikuwa ya Clippers ya 2022. Mwaka ule Clippers walishinda mechi 42, wakateleza kidogo wakakosa mchujo, na zamu ikaangukia namba 12. Kama Clippers wangeikinga hata kwa 14 za mwanzo, ingebaki kwao. Haikuwa na kinga. Oklahoma City wakamchagua Jalen Williams, na Juni 2025 yeye na Gilgeous-Alexander wakabeba ubingwa.

Somo kwa wajenzi: kusanya zamu za wengine zisizo na kinga, na zako usiziguse. Zamu ya mwingine haikushawishi ushindwe, maana wewe kushindwa hakuisogezi hata namba moja.

Na hata Oklahoma City wameonja uchungu wa kuwa upande wa mwenye mashine ya nyasi. Walikuwa wanawadai Philadelphia 76ers zamu ya 2025 yenye kinga ya 1 hadi 6. Philadelphia msimu ule walishinda mechi 24 tu, bahati nasibu ikawapa namba 3, wakabaki na jike wao, VJ Edgecombe. Deni likasogezwa mbele.

Tufanye nini na genge?

Mtu asiniambie "wapigwe faini kubwa zaidi". Faini ni kumchapa mtumiaji kwa kosa la programu. Rekebisha programu.

NBA wenyewe wanajua njia. Mpaka 2018 timu mbaya kuliko zote ilikuwa na asilimia 25 ya kupata namba 1. Mwaka 2019 timu tatu za mwisho zikapewa asilimia 14 kila moja. Walichukua genge wakalifanya mteremko. Kilichobaki ni kufanya hivyo kwenye kinga.

Desemba 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba ligi inajadili kuruhusu kinga za aina mbili tu: ya 4 za mwanzo, au kuanzia 14 za mwanzo na kuendelea, na kuondoa hizi za katikati. Wengine waliona ni mambo ya makarani. Mimi niliruka kitini, kwa sababu hesabu inaunga mkono. Nilirudia programu yangu kwa kinga ya 1 hadi 4. Timu tatu mbaya zaidi zina asilimia 52.1 ya kubaki na zamu. Ya nne ni 48.1, ya tano 42.1, ya sita 37.2. Mnaona? Hakuna hatua moja inayokutupa kutoka 80 hadi 9. Ukipoteza mechi moja zaidi Aprili unapata nyongeza ndogo tu. Haitoshi kumkalisha nyota wako benchi mbele ya watoto waliokuja kumwona. Na kwa mpaka wa 14, upande wa pili kuna mchujo wenyewe, na mchujo una mapato na heshima yake. Si kila timu itautupa.

Si dawa kamili. Mwenye kushindwa bado ana faida kidogo. Ila mteremko unavumilika, genge halivumiliki.

Sisi na Shabana

Najua baadhi yenu mnacheka: huyu wa Kiogoro analia kwa ajili ya Dallas! Lakini sisi wa Kisii tunajua kujenga upya kuliko wengi. Shabana FC ilikaa miaka 17 nje ya ligi kuu ya Kenya kabla ya kurudi mwaka 2023. Hakuna aliyewapa zamu ya kwanza kwa sababu ya kushindwa. Kwetu ukishindwa unashuka daraja, hadithi imeisha. Ni mfumo mkali, una ubaya wake, ila una wema mmoja: siku Tore Bobe wanapoingia uwanja wa Gusii, hakuna hata mtu mmoja upande wetu anayeombea wafungwe. Shabiki na timu wanataka kitu kimoja.

Kinga huvunja hapo. Inafika jioni shabiki wa kweli anahesabu kidole kwa kidole akiona ni heri timu yake ifungwe. Ukimfikisha shabiki hapo umeharibu kitu ambacho namba 10 haiwezi kukilipa.

Mzee jirani yetu? Ng'ombe alizaa jike, kama alivyotaka. Mwaka uliofuata akapandisha kwa mbegu ya kawaida, dume akazaliwa, deni likalipwa. Lakini hao wawili mpaka leo hawaazimani hata jembe.

Basi, mkiandika mkataba, au programu, au kanuni ya chama chenu, kabla ya kuweka "kama" jiulizeni: nani atasogea kusimama upande gani wa mstari huu, na nani atabaki peke yake? Mkiona genge, chimbeni mteremko. Anayeona nimekosea kwa Dallas anipinge kwa hoja, nitamsoma. Hifadhidata tutaendelea nayo wiki ijayo, kama mvua na umeme vitaniruhusu.